Kakakuona Hali Uji

Nawaandikia wazazi wenzangu mliohamia vijiji vya ujamaa, maana haya nimeyasikia kwa masikio yangu kwenye basi la Korogwe, binti yangu nimempakata.

Mzee Mdoe alipandia Sindeni na tenga lililofunikwa gunia. Ndani mlikuwa na kakakuona. Kijana aliyevaa kaki akachungulia tengani, akamsogelea mzee. "Shikamoo mzee. Mimi ni bwana nyama, mlinzi wa wanyama wa porini. Hawa wamebaki wachache mno, serikali imekataza kuwachukua."

"Marahaba. Sikumwinda, kajileta mwenyewe shambani. Tukamwekea maji, mahindi na panga atutabirie mwaka: mvua, mavuno au vita. Hakugusa kitu. Nampeleka Korogwe, wakubwa wamwone."

"Atagusaje na njaa? Mmempa nini?"

"Uji wa maziwa. Siku ya tatu anakataa, anadeka kama mwali!" Basi zima likacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

"Huyu hula mchwa na sisimizi tu, mzee wangu. Mnamuua. Mrudishe alikotoka."

Mzee akalitengeneza gunia juu ya tenga. "Alikotoka ndiko tulikofyeka juzi, shamba la kijiji. Mliagiza ninyi wa serikali. Vichuguu vyote tumevunja. Nimrudishe wapi, mwanangu?"

Bwana nyama akafungua daftari lake, akalifunga.

Basi liliposimama Korogwe, walishuka wamelishika tenga huku na huku, polepole kama wamebeba mgonjwa, bado wanabishana waelekee wapi. Binti yangu akauliza kama kwetu vichuguu vimebaki. Nikamwambia tutatazama tukifika. Ninyi tazameni vya kwenu kabla hamjashika jembe.