Mpishi Akiingia, Mwalimu Mkuu Huinuka

Mama Adhel Jok anastaafu tarehe 28 Novemba, baada ya kuipikia shule yetu hapa Kakuma kwa miaka ishirini na miwili. Mwenyewe husema uji wake umeungua mara moja tu, tena kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Sisi tuliounywa tunakumbuka vingine.

Wageni hushangazwa na jambo moja. Mama Adhel akiingia ofisini na birika la chai, mwalimu mkuu, Bwana Wal Atem, huinuka. Mkubwa akiinuka, nani atabaki ameketi? Nasi huinuka. Wakaguzi kutoka Lodwar waliwahi kumdhania ndiye mwenye shule, wakampa ejok, salamu yetu ya Kiturkana, kwa heshima na kumwomba awatembeze. Akawatembeza madarasa yote, kisha akarudi jikoni kuepua maharagwe.

Kwa udadisi wangu, niliuliza hadi nikajua. Kumbe kule kwao Bor, ng'ambo ya mpaka, Mama Adhel alikuwa mwalimu, na Wal mwanafunzi wake. Vita vilipowatoa kwao, walifika Kakuma kwa lori moja, na Kakuma ikawapanga upya. Mtoto alisoma hapa, akapata cheti cha hapa, akapanda. Mwalimu alikuja na cheti cha Kiarabu ambacho hakikutambuliwa, akapewa mwiko. Mpaka leo najiuliza: lori lile lingekuwa linatoka Kakuma kwenda Bor, mimi Mturkana na cheti changu ningekuwa nani huko?

Mama Adhel hakuona haya kupika. Ila alitamani kufundisha tena kabla hajastaafu, na alisema waziwazi. Kila mwaka Wal alimwombea nafasi, kila mwaka akaulizwa cheti. Nadhani jibu hilo lilimuuma Wal zaidi.

Wiki jana akapata upenyo: mgeni wa darasa haulizwi cheti. Akamwalika Mama Adhel kwenye gredi ya nne, darasa langu, awafundishe watoto habari za mto Nile aliokulia kando yake. Mama aliingia bila aproni, chaki mkononi. Watoto wakasimama, akawaambia waketi. Nyuma kabisa mtu mmoja akabaki wima, mikono mgongoni.

"Na wewe, Wal. Keti."

Akaketi kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa kidevu, akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Alikosea jibu, akasahihishwa. Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Asante kwa uji, hata ule ulioungua. Huko Lodwar uendako kwa bintiyo Ajok, Mungu akupe afya na majirani wema, na kila uingiapo, watu wainuke, Mwalimu Adhel.

Nakiru Lokiru, kwa niaba ya walimu wote