Bi. Pokuaa na Taya Lililong'ata Hewa

Bi. Pokuaa Nsafoah anastaafu tarehe 31 Julai 2023, baada ya kuitumikia Idara ya Mataya na Meno ya hospitali yetu hapa Kumasi kwa miaka thelathini na minne. Kwa miaka kumi na tisa kati ya hiyo nimekaa naye chumba kimoja, meza yangu ikitazama mgongo wake, na nadhani ndiyo sababu kamati ya kumuaga imenikabidhi mimi kalamu. Mwenyewe ameniomba nisimmwagie sifa. Nitasimulia yaliyotokea tu.

Alianza mwaka 1989 kama mkoroga plasta. Kila mgonjwa aliyeng'ata kibakuli cha udongo laini wa kuchukulia alama za meno, Bi. Pokuaa ndiye aliyetengeneza mfano wa mdomo wake na kuupanga rafuni. Majina aliyasahau, mataya hakuyasahau. Siku moja sokoni Kejetia alimwambia muuza samaki wa moshi kwamba anatafunia kushoto tu kwa sababu jino la nyuma kulia linamuuma. Hawakuwa wamewahi kuonana. Mama yule alifunika samaki wake na kumtaka aondoke mbele ya meza yake upesi, na Bi. Pokuaa akarudi nyumbani mikono mitupu. Jumatatu yake mama huyohuyo alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kliniki, shavu limevimba.

Mwaka 2004 idara ilipata kompyuta ya kwanza ya kupima nguvu za kutafuna. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, hajawahi kugusa hata kitufe. Vijana waliokuja na shahada zao walicheka kidogo, kisha wakaacha. Kazi yenyewe ni hii: picha za mionzi za kichwa hugeuzwa kuwa fuvu ndani ya kompyuta, misuli huvutwa juu yake kama kamba, halafu mgonjwa hutafuna karanga huku vibandiko vyenye nyaya mashavuni vikisoma kila mkazo. Tukiingiza vipimo vyake, fuvu linatafuna. Panapopata nafuu ni buluu, panapoteswa ni nyekundu. Kwa mtu mwenye taya lililopinda, rangi hizo ndizo humwambia daktari wa upasuaji akate wapi, na mfupa upi hautahimili.

Bi. Pokuaa ametengeneza mafuvu mia sita na kumi na mawili ya namna hiyo. Amefundisha mafundi ishirini na watatu, mmoja wao ni mimi. Lakini fuvu ambalo watu wa idara hii wataendelea kulizungumza ni la Januari 2016.

Mwenye fuvu hilo alikuwa Kwaku Dwumfuor, seremala wa Bekwai, mtu wa miaka arobaini na minne, mpole, mwenye taya lililokwenda kulia kiasi kwamba kula kenkey, donge letu la mahindi yaliyochachushwa, kulimtoa machozi. Kwenye fomu aliandika kuwa alianguka utotoni. Upasuaji ulipangwa Alhamisi. Jumatatu saa nne asubuhi, nje vumbi la harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, limefunika hata mlingoti wa geti, Bi. Pokuaa aliingiza vipimo na kuliamuru fuvu litafune.

Lilitafuna vizuri. Likameza. Kisha, mdomoni hamna kitu, likafunga tena polepole na kukaza. Pande zote mbili zikawa nyekundu, nyekundu kuliko lilipovunja karanga. Likabaki hivyo sekunde saba, ndipo likaachia.

Tulidhani ni nyaya. Tukabadilisha vibandiko, tukampima upya Jumanne, tukambadilishia chakula. Ilikuwa vilevile: akishameza, taya linang'ata hewa, sekunde saba, si sita wala nane. Dwumfuor mwenyewe tulipomuuliza kama kuna kinachomkaza alisema hahisi chochote. Kilichotutisha zaidi hatukuambiana mpaka baadaye. Kila mmoja wetu, akilitazama fuvu lile, aligundua kwamba naye amekaza meno, na hakumbuki alianza lini.

Maame Birago, msafishaji wetu, aligoma kuingia mpaka skrini zizimwe. Alisema kinachong'ata hewa kuna kitu kinakiona.

Profesa Asumadu, aliyekuwa mkuu wetu, hakuwa na muda wa mambo hayo. Aliamuru sekunde zile zikatwe kwenye vipimo kama hitilafu, ili vibati vya kuunga mfupa vipangwe na Alhamisi isipite. Kukata ni kazi ya kubonyeza mara mbili. Bi. Pokuaa aliondoa mkono kwenye kompyuta.

“Profesa, mashine haina meno,” alisema. “Mwenye meno yuko wodini. Tumuulize kwanza.”

Dwumfuor akaletwa, akaketi mbele ya fuvu lake mwenyewe. Hakuogopa. Alilitazama likitafuna kama mtu anayetazama mtoto wake akila. Lilipofika pale pa kukaza, niliona misuli ya mashavu yake ikituna, sambamba na skrini, naye midomo ameifumba. Skrini ilipoachia, naye akaachia.

Kisha akasimulia, kwa sauti ya chini. Akiwa na miaka tisa yeye na mdogo wake, Agyei, waliingia kwenye shimo la zamani la dhahabu. Mvua ilikuwa imenyesha, ukingo ukaporomoka. Gogo lilimpiga usoni, taya likavunjika, udongo ukambana mikono yote miwili. Maji yakaanza kupanda. Agyei alikuwa anazama karibu na uso wake, na hakuwa na cha kumshikia isipokuwa meno, kwa hiyo alimdaka ukosi wa shati kwa taya lake lililovunjika. Kila maji yalipofika mdomoni aliyameza, kisha akakaza tena. Watu walipofika juu na kamba, alikuwa ameshika shati. Agyei hakuwemo ndani yake. Nyumbani alisema mtoto alizama mara moja, na mama yao aliaga dunia akiamini hivyo.

Profesa Asumadu alieleza kwa upole kwamba upasuaji utaahirishwa, na kwamba upo mshauri na kipo kifaa cha kuvaa menoni, vinavyoweza kulifundisha taya liache kukaza. Itachukua miezi, lakini litaacha.

“Asante, Profesa, ila hilo liacheni,” Dwumfuor akasema. “Nikiachia mimi, nani atamshika?”

Bi. Pokuaa alivuta kiti, akamwambia basi watamtafutia taya linaloweza kushika.

Kazi hiyo ilichukua wiki kumi na moja. Alipanga vibati na skrubu kwa namna arobaini, na mara arobaini tuliona vibati vinakatika kwenye skrini zinapofika sekunde zile. Kama zingefutwa, vingekatikia ndani ya mtu. Namna ya arobaini na moja ilihimili. Aprili Dwumfuor alipasuliwa, na tangu hapo anakula kenkey bila chozi. Taya limenyooka. Kila mwaka tunampima, na kila mwaka sekunde saba zipo palepale. Siku hizi hapa idarani hakuna kipimo kinachofutwa kabla mgonjwa mwenyewe hajaulizwa.

Mwezi uliopita Dwumfuor alikuja kumuaga Bi. Pokuaa, amembebea kiti cha kuegemea cha mvule. Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya, nikaahidi kubadilisha majina. Alitaka lisibadilishwe hata moja. Mdogo wake hakupata cheti cha kuzaliwa wala kaburi lenye maandishi, alisema, na sisi ni watu wa makaratasi.

Bi. Pokuaa, asante kwa kuuliza. Nenda kwenu Mampong ukapumzike, ukae kitako kwenye kiti chako, ule taratibu na watu wako, siku zako ziwe nyingi na njema. Nasi tumeandika kama tulivyoombwa: Agyei wa Bekwai, miaka sita, mdogo wake Kwaku.