Jumatatu, Mama Ili-Iweje Ataketi Benchini

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, muuguzi wetu wa chumba cha vipimo anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jumatatu asubuhi atarudi akiwa mgonjwa, kuonwa na daktari wa mifupa kwa ajili ya goti lake la kulia. Tunaomfahamu tunajua kwamba habari kubwa ni hiyo ya pili. Goti hilo amelikimbia kwa miaka, kana kwamba mtu anaweza kulikimbia goti lake mwenyewe.

Alianzia wodini, akahamia kliniki ya presha na sukari, na huko ndiko alikopata jina. Mgonjwa yeyote hupita kwake kabla ya kuingia kwa daktari. Akishamfunga mkanda wa presha mkononi, humuuliza leo amekuja kutafuta nini. Mgonjwa husema anataka presha ishuke. Naye, bila hata kuinua macho, huuliza: "Ishuke ili iweje?"

Jibu la tarakimu halikupokelewa. Alitaka kitu ambacho mtu anakitamani kweli: kushona bila vidole kufa ganzi, kulima bustani yake, kulala usingizi wa kushiba. Asiye na jibu alitumwa akalitafute nyumbani, aje nalo siku ya miadi, na amwambie daktari hilo kabla ya jingine lolote. Ndivyo alivyogeuka kuwa Mama Ili-Iweje, na wako wagonjwa wasiojua kama ana jina jingine.

Si wote waliofurahi. Dereva mmoja wa lori, pande la mtu, alitoka chumbani humo akifoka, moja kwa moja hadi kwa mkuu wa kituo, kushtaki kwamba muuguzi amemuuliza kuishi kwake kuna faida gani. Mkuu alijitahidi asicheke, akashindwa. Lakini miadi iliyofuata dereva alikuja na jibu. Binti yake alikuwa amehamia ghorofa ya nne, na baba mtu kila akienda kumtembelea aliishia getini kwa kukosa pumzi ya kupanda ngazi. Chai ilishushwa chini, wakainywa wamesimama kama walinzi. Alitaka apande mwenyewe, akanywe chai amekaa kitini.

Daktari aliposikia hayo, mazungumzo yakawa mazungumzo. Ikajulikana kwamba dawa ya kupunguza maji mwilini dereva haimezi siku za safari, maana barabarani choo hakipatikani pale mtu anapobanwa. Wakapanga upya saa za kuimeza. Chai alikuja kuinywa huko huko juu, na tangu hapo anayemsema vibaya Mama Ili-Iweje mbele yake anajitafutia makubwa.

Hatumpaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Ana kasoro zake. Foleni yake ilikwenda mwendo wa kobe, na sisi wa dirisha la dawa tumekula chakula cha mchana jua likizama kwa ajili yake. Chai yake aliisahau mpaka ikapoa, kisha akatulaumu sisi. Na huku akiwahimiza wenzake wasipuuze maumivu, mwenyewe alichechemea ukumbini akishika ukuta. Wahenga walishasema, mganga hajigangi.

Swali lake hakulipata kwenye semina. Mumewe, shemeji yetu, alikuwa fundi saa. Miaka mingi kabla mkewe hajaja kliniki hii, aliambiwa sukari iko juu, akaitikia, akarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza anaishi kwa kazi gani, naye hakusema, maana hakudhani linamhusu daktari. Macho yalipoanza kufifia, vile vidude vidogo vya ndani ya saa ndivyo vilivyotangulia kumpotea. Leo haoni. Tulipoisikia habari hiyo, tuliokuwa tukinung'unikia foleni tulifunga midomo.

Kila jioni shemeji hulishika bega la mkewe, wakatembea taratibu hadi kwa kinyozi wa pale kona, ambako marafiki zake hukutana kubishana. Au tuseme ndivyo ilivyokuwa. Tangu goti lichachamae, wote wawili huishia mlangoni kwao.

Mwezi uliopita muuguzi wetu alikuwa njiani kwenda kuahirisha miadi ya goti, kwa mara nyingine. Mguu ukamgomea, akaketi kwenye benchi la wagonjwa. Pembeni yake alikuwa yule dereva, akisubiri zamu. Dereva akamuuliza leo amekuja kutafuta nini. Muuguzi akajibu kwamba anataka maumivu yapungue, basi.

"Yapungue ili iweje, mama?"

Benchi zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alifuta macho kwa ukingo wa sare.

"Ili mzee wangu afike kwa kinyozi," akasema. "Bega la kumshikisha ninalo. Mguu ndio sina."

Miadi haikuahirishwa.

Dada yetu, ahsante kwa kila mgonjwa uliyemrudisha nyumbani akatafute jibu, na ahsante hata kwa foleni. Tutakukumbuka sana, na hilo tunalisema bila utani. Jumatatu tumekuwekea nafasi mwisho wa benchi, kando ya ukuta, unyooshe mguu vizuri. Ukiingia kwa daktari usianze na maumivu. Anza na kinyozi. Tunakuombea ustaafu wa afya na furaha, na shemeji tunamtakia kichwa kilichonyolewa vizuri, kule kule kona.