Mkaguzi Aliyeanzia Mlango wa Nyuma

Marehemu mzee wetu, ambaye wenye maduka walimwita Mzee Mtungi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao. Baba yake alikuwa fundi msumeno hapo kiwandani. Marehemu alikuwa mtoto wa kwanza, na mdogo wake alipozaliwa alikabidhiwa kazi ya kumbeba mgongoni. Walilala kitanda kimoja, wakala sahani moja, na mdogo alipochokozwa mtaani, mkubwa ndiye aliyerudi nyumbani na shati lililochanika.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza sekondari mwaka 1970. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Alikuwa na mwandiko mzuri na hakuogopa kusoma kwa sauti mbele ya darasa. Mwaka 1971 alijiunga na kikosi cha zimamoto, akashika mpira wa maji kwa miaka sita, kisha akaomba kuhamishiwa ukaguzi wa majengo ya biashara. Alisema kuzima moto ni kufika umechelewa.

Wakaguzi wengine waliingia kwa mlango wa mbele, wakavutiwa kiti. Yeye alizunguka nyuma kwanza, akausukuma mlango wa dharura kwa bega. Ukigoma, siku ya mwenye duka ilikuwa imeharibika. Kisha alikagua nyaya, akainua mitungi ya kuzimia moto mmoja mmoja, akahamisha maboksi yaliyoziba njia. Ripoti aliiandika papo hapo akiwa amesimama, na kabla ya kuitia sahihi aliisoma mbele ya wafanyakazi wote. "Watakaoungua ni hawa," alisema. "Kwa nini wasisikie?"

Ni katika ukaguzi huo alipompata mke. Aliingia duka la vitambaa, akamuuliza dada aliyekuwa akikata shuka, "Moto ukiwaka hapa, utatokea wapi?"

"Hapo hapo ulipoingilia wewe," akajibiwa. "Kwani wewe ulipita ukutani?"

Alirudi kukagua duka lile mara nyingi kuliko sheria ilivyotaka. Walifunga ndoa tarehe 20 Septemba 1980, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1994 ilifika zamu ya kukagua karakana ya mdogo wake, aliyekuwa fundi wa makochi na magodoro. Mkuu wake wa kazi alimshauri ampe mwenzake kazi hiyo. Marehemu alikataa. Aliamini kwamba kama kuna baya la kusemwa, litauma kidogo likitoka kwa kaka.

Alikuta mlango wa nyuma umepigwa kufuli kwa nje kwa kuogopa wezi. Sponji zilipangwa hadi chini ya taa, na makopo ya gundi yalikaa kando ya jiko la chai. Washonaji walikuwa wameinama kwenye cherehani, migongo yao ikiuelekea mlango ule uliofungwa.

"Kaka, tuzungumze pembeni," mdogo wake alisema.

"Pembeni hakuna mshonaji hata mmoja," marehemu alijibu. Akaisoma ripoti hadi mwisho: kazi isimame mpaka kasoro zote zirekebishwe.

"Umenivua nguo mbele ya watu wangu! Wewe uliyenibeba mgongoni!"

"Nilikubeba ili nije nikuzike umekuwa mkaa?"

Kasoro zilirekebishwa, mkaguzi mwingine akaruhusu kazi iendelee, lakini mguu wa mdogo wake haukukanyaga tena nyumbani kwa marehemu. Walipokutana kwa mama yao, walizungumza kupitia kwake. "Mama, mwambie mwanao anisogezee chumvi." Mama alifariki mwaka 2005 akiwa bado tarishi wao.

Karakana haikuungua. Hilo ndilo lililomwelemea marehemu. Kazi yake ikifanikiwa hakuna kinachotokea, na mtu huwezi kumwonyesha kitu ambacho hakikutokea. Kuifunga hakuwahi kujutia hata siku moja. Lakini alimwambia mkewe kwamba labda angemwachia mwenzake ripoti ile, angebaki na ndugu.

Alistaafu kwa heshima mwaka 2011. Mwishoni mwa mwaka 2022 mapafu yalianza kumsumbua, akawa mtu wa kuingia na kutoka hospitali. Julai mwaka huu wa 2024, alipokuwa amelala sebuleni karibu na dirisha, mdogo wake aliingia bila kubisha hodi.

"Umekonda kama ufagio."

"Na wewe umefura kama bidhaa zako."

Mdogo wake akavuta kiti. Kisha akasema, "Ule mlango, kila asubuhi kabla hawajaanza kazi nausukuma mwenyewe. Miaka yote hii. Hasira bado ninazo, kaka, lakini nausukuma."

Marehemu alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Alipopata pumzi alisema, "Nilidhani ikitoka kwangu itauma kidogo."

"Iliuma zaidi."

"Nimejua."

Hakuna aliyeomba msamaha, na hakuna aliyeuulizia. Kuanzia siku ile mdogo wake alikuja kila jioni kumnyoa ndevu na kubishana naye kuhusu mpira.

Mzee wetu alifariki asubuhi ya tarehe 14 Agosti 2024, nyumbani kwake, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, na mdogo wake wa damu, ambaye leo amefunga karakana, safari hii kwa mkono wake mwenyewe.

Mungu amlaze mahali pema, na amani isimwondokee.