Sababu za Mama Happiness Kukataa Mchango wa Vita

Mgeni rasmi,

Shikamoo, na karibu Kitongoji cha Juu. Vumbi lililokupata tangu Kitangari ni la kwetu, jipanguse bila kuona haya.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa, huku juu hatuna maji. Chemchemi iko chini, kwa wenzetu wa Bondeni. Kiangazi kilichopita, wenzetu hao waliziba njia kwa miiba. Sababu tunaisema kwa sauti ndogo: vijana wetu walikuwa wanaoshea bodaboda kwenye chemchemi.

Mwenyekiti wetu, Mzee Uwesu, yaani Baba Faidha, aliitisha kikao cha serikali ya kijiji. Akataka ipitishwe sheria ndogo: kila nyumba itoe korosho za kununulia mapanga, na kuku wa kuwalisha vijana watakaokwenda kuikomboa chemchemi. Wajumbe walishangilia. Bibiana, ambaye sote tunamwita Mama Happiness, ndiye mjumbe pekee aliyesimama kupinga.

"Mwenyekiti, hao vijana watakula nini?"

"Kuku na ugali."

"Ugali tutausonga kwa maji yapi? Maji yako Bondeni. Tukawaombe maji, tuwapikie wanaokwenda kuwapiga?"

Kikao kikakohoa. Akaendelea: "Halafu binti yangu ameolewa kule. Panga nitakalolichangia sijui litamwangukia nani, mkwe wangu au mjukuu wangu. Na vita vikiisha, nani atashuka na ndoo kwa watu mliowakata? Si ninyi."

"Unaogopa, Mama Happiness," alisema Mwenyekiti.

"Naogopa, Baba Faidha. Hata wewe ungeogopa, kama ungekuwa mchota maji."

Kura zikapigwa. Mikono yote ikapanda, wa kwake ukabaki mapajani. Hoja ya vita ikapita.

MAFANIKIO

Kuku wakachinjwa, sisi wanawake tukaamriwa kupika. Mama Happiness akabeba ndoo akashuka, nasi tukamfuata, roho mkononi. Kwenye miiba tulimkuta Mwanaisha, mke wa kiongozi wa Bondeni.

"Mnataka nini?"

"Maji, dada. Ya kuwapikia wanaokuja kuwapiga kesho."

Mwanaisha alicheka hadi khanga ikamlegea. "Basi tumepatana. Wa kwetu nao wanataka ugali kabla ya kuja kuwapiga ninyi, na mashine ya kusaga iko kwenu huko juu!"

Mheshimiwa, majeshi yote mawili yalikwamia jikoni. Tukakubaliana kupika pamoja, pale pale kwenye miiba. Asubuhi wapiganaji walitokea juu na chini, mapanga mkononi na njaa tumboni, wakakuta sufuria zimepangwa njiani. Mama Happiness akawaambia hapakuliwi kitu mpaka njia isafishwe. Mapanga yale mapya yakafyeka miiba. Mzee Uwesu aliomba paja, akapewa shingo.

Tangu siku hiyo tunachota, na bodaboda zinaoshwa mbali.

CHANGAMOTO

Tumesikia kwamba leo unamtunuku Mwenyekiti kwa kuleta amani. Tunampongeza, na suti imemkaa vizuri. Ukitaka kumwona Mama Happiness, yuko nyuma ya turubai, anapanga viti vya wageni.

Tumesikia pia kwamba unatuletea kibanda na askari wenye bunduki wa kulinda chemchemi. Mama Happiness amelipinga hilo kikaoni wiki hii. Anauliza askari atamlinda nani dhidi ya nani, maana Mwanaisha amekaa hapa katikati yetu. Safari hii hakuwa peke yake: mikono mingi ilibaki mapajani, hata wa Mzee Uwesu.

MAOMBI

Tunaomba gharama za kibanda na bunduki zigeuke pampu ya kupandisha maji huku juu, na bomba moja libaki Bondeni.

Ratiba inasema baada ya risala ni chakula. Samahani, Mheshimiwa, chakula hakijapikwa, kwa kuwa maji bado yako chini. Hatukutaka usimuliwe tu. Njia ni nyeupe, na ndoo yako ni ile ya njano.

Mungu akupe miguu ya kushuka na pumzi ya kupanda.

Ni sisi,
Wanawake Wachota Maji wa Kitongoji cha Juu.
Imesomwa na Veridiana, kwa niaba ya wote.