Aliyetungoja Kila Jumamosi Saa Tatu

Wewe uliyeshika karatasi hii, mara ya mwisho ulikaa na Mwalimu lini? Ujumbe wa simu usiuhesabu. Nauliza kukaa: wewe kwenye kiti, yeye kwenye kiti, mnazungumza. Mimi ni mtoto wa kaka yake. Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu wake huu, binti yake aliniambia niandike ukweli au nimwachie mwingine kalamu.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1949, mtoto wa pili wa seremala na mshona nguo. Alianza shule mwaka 1957, amechelewa, kwa kuwa nyumbani ada ilitosha mtoto mmoja na kaka yake ndiye aliyetangulia. Baba yangu anakumbuka kwamba kila akirudi, dada yake alikuwa amesimama mlangoni anamsubiri. Hakuwa anampokea. Alikuwa anamhoji. "Leo mmefundishwa nini? Sema chote!" Baba anasema ilimbidi asikilize darasani, maana mtihani wenyewe ulikuwa nyumbani.

Alimaliza darasa la nane mwaka 1964, akaingia chuo cha ualimu, na Januari 1967 akasimama mbele ya darasa lake la kwanza. Alifundisha hesabu kwa miaka arobaini na miwili, katika shule tatu, madarasa ya watoto sabini hadi themanini. Majina yalimchukua muda. Alianza na madawati: nani kakaa wapi, jirani yake nani. Mtoto akikosa shule siku mbili, siku ya tatu Mwalimu alikuwa anapiga hodi kwao, vumbi la chaki bado mkononi. Wengi mlioketi hapa leo aliwafuata hivyo. Wengine mlikuwa mmeshatolewa shule mkachunge au mkaolewe, na yeye akakataa kuondoka uani kwenu mpaka mrudishwe. Alistaafu mwaka 2009.

Mwaka 1974 alifunga ndoa na fundi umeme aliyeitwa kutengeneza taa ya ofisi ya walimu. Marehemu mume wake alikiri baadaye kwamba taa ilipona siku ya kwanza, lakini yeye alirudi mara tatu kuikagua. Walijaliwa binti mmoja, ambaye ni muuguzi. Mume alifariki mwaka 2001.

Ugonjwa wa macho ulianza mwaka 2019. Kufikia mwisho wa 2021 Mwalimu alikuwa haoni kabisa. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa na kundi kwenye simu, watu mia moja na kumi na wawili. Nikawaandikia. Wakaguswa, wakapanga zamu ya kumtembelea: kila Jumamosi saa tatu asubuhi, mtu mmoja. Mwalimu aliwekewa viti viwili barazani, chake na cha mgeni. Wa kwanza alikuwa dereva wa lori.

"Hodi!"

"Jina usiniambie. Piga hodi tena."

"Hodi, Mwalimu."

"Aa! Dawati la mwisho, karibu na mlango, ili kengele ikilia uwe wa kwanza kutoka. Bado unakimbia?"

"Siku hizi nakimbiza lori, Mwalimu."

"Na hesabu?"

"Hizo ndizo zinazonikimbia mimi."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Zamu ile ilidumu wiki saba. Wiki ya nane aliyepangwa alipata safari, wa tisa alikuwa na kikao, na baada ya hapo wakawa wanatuma ujumbe. Picha za maua. Viganja vya kuomba. "Tunakupenda Mwalimu wetu." Walimwandikia mtu asiyeona. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua simu yake kila jioni nimsomee, hivyo wao waliona alama kwamba ujumbe umesomwa, wakalala wameridhika.

Nimewasema ninyi. Sasa niseme langu.

Jioni moja nilimsomea salamu za mhasibu mmoja, naye akauliza, "Kasema anakuja lini?" Hakuwa amesema. Nikamtazama usoni, nikashindwa. Nikajibu, "Jumamosi, Shangazi." Jumamosi ile alioga mapema, akavaa, akakaa barazani tangu saa tatu hadi jua likamfikia miguuni. Nikamwambia Shangazi kwamba mhasibu amepata dharura. Wiki iliyofuata nikamtaja mwingine. Nilifanya hivyo kwa zaidi ya miaka mitatu. Ninyi hamkuja, lakini aliyemtoa kitandani kila Jumamosi akangoje kiti kitupu ni mimi. Ningeweza kuwapigia simu mmoja mmoja nikawagombeza. Lakini niliwaonea haya ninyi kuliko yeye.

Mwaka huu moyo wake ulianza kushindwa kazi, miguu ikavimba. Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025, mchana, aliniuliza, "Kesho nani?"

"Dereva wa lori, Shangazi."

"Yule wa mlangoni? Basi nitolee lile gauni la kijani."

Nilimtolea. Alifariki saa kumi jioni, binti yake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sabini na sita.

Ameacha binti mmoja, mkwe, wajukuu watatu, kaka mmoja, wadogo zake wawili, sisi watoto wa ndugu zake, na maelfu aliowafundisha. Mwenyezi Mungu ampokee, na huko aliko asimngoje mtu tena.

Limebaki la asubuhi iliyofuata, juzi Jumamosi. Habari ya msiba ilikuwa imefika kwenye kundi. Kuanzia saa mbili na nusu magari yalijaza barabara yetu. Mhasibu alikuja. Walikuja karibu wote niliowahi kumtajia, na viti havikutosha, ingawa vile viwili vya barazani hakuna aliyethubutu kuvikalia. Saa tatu akafika dereva wa lori. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Hodi," alisema.

Tuliokuwa ndani tulisikia.

Akangoja kidogo, kisha akapiga hodi tena.