Maharage Yanayopanda Kamba ya Kuanikia

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya hospitali yetu, Mganga Mkuu, Matroni, wakuu wa idara, nanyi wagonjwa mnaotusikiliza kupitia madirishani:

Sisi watumishi wa chumba cha kufulia tunawasalimu tukiwa tumesimama, mikono yetu ikiwa mikavu, jambo ambalo kwetu hutokea kwa nadra.

KARIBU KATIKATI YA MASHUKA

Mgeni rasmi, umepokewa langoni, umetembezwa maabara, umeonyeshwa mashine mpya ya picha. Sasa umefika nyuma ya jengo, ambako wageni hawafiki. Hayo meupe yanayopumua kulia na kushoto kwako ni mashuka ya wodi zote. Yakikugusa bega usishtuke, ni masafi. Kila asubuhi hutufikia yakiwa mazito kwa usiku wa watu: jasho la homa, machozi, chai iliyomwagika, na pengine ndoto ambazo wenyewe wamekwisha kuzisahau. Tunayafua, tunayaanika, na ikifika adhuhuri upepo umeyasahaulisha yote. Hiyo ndiyo kazi yetu, nasi tunaipenda.

Tumeshauriwa kwamba katika risala hii mahali hapa tupaite "eneo la wazi lisilotumika". Tumejaribu, mgeni rasmi. Ulimi umegoma. Hapa ni uwanja wa kuanikia, na pale mwisho, nyuma ya mashuka mawili tuliyoyaning'iniza kama pazia kwa ajili ya leo, ni bustani. Kiswahili kina maneno ya kutosha. Hatukuona sababu ya kuinyima bustani jina lake.

ILIKOANZIA

Bustani ni ya Shangazi. Si shangazi wa mtu mmoja. Ni mpiga pasi mkongwe kuliko sisi sote, na kila mmoja wetu alifundishwa kazi mbele ya meza yake, ndani ya mvuke, mahali ambapo unasikia sauti ya mtu kabla hujauona uso wake. Siku moja alikuja na mbegu kwenye mfuko wa aproni: kubwa, za zambarau, zenye madoa meusi. Maharage ya kutambaa, yale yanayotoa maua mekundu. Akazichomeka chini ya nguzo ya mwisho ya kamba zetu.

"Nguo zinapanda juu kila siku," alisema. "Na haya nayo yapande."

Kisha miguu yake ikaanza kuvimba. Asubuhi moja alisimamisha pasi, akaketi, na kusimama tena hakuweza. Sasa yuko wodi ya wanawake, ghorofa ya kwanza, kitanda cha dirishani, dirisha lile lenye pazia la bluu. Madaktari wanasema moyo umechoka, na tunawashukuru kwa kuutunza. Kutoka nguzo ya mwisho kuna kamba ndefu inayopanda hadi kwenye ndoano iliyo chini ya dirisha lake; tuliifunga zamani kwa ajili ya mablanketi, ambayo hutaka upepo wa juu. Maharage yameichagua kamba hiyo. Hatukuyaelekeza.

Shangazi ametuomba kitu kimoja: ganda la kwanza alichume yeye, kwa mkono wake, akiwa kitandani.

TULIVYOHANGAIKA

Mgeni rasmi, haikuwa rahisi. Kwanza majani yaligeuka manjano. Fundi wa mashine zetu, tunayemwita Shemeji ingawa hajaoa kwetu, na si kwamba hakujaribu, alitoa hukumu palepale.

"Yana njaa haya. Yatieni mbolea."

"Njaa gani, Shemeji, na udongo wenyewe unateleza hivi?" akadakia dada wa kukunja nguo. "Hebu onja hayo maji unayoyamwagia."

Hakuonja, alinusa, akaiweka ndoo chini. Tulikuwa tunamwagilia maji ya suuza ya mwisho, tena ya uvuguvugu, kwa mapenzi kabisa, tukiyaona masafi kwa kuwa unaona hadi chini ya ndoo. Kumbe yana dawa ya kung'arisha nguo. Tulikuwa tunayafua maharage yetu. Tukachimba mfereji mdogo ili maji yaliyotuama yatoke, tukaanza kukinga mvua kwenye mapipa. Majani mapya yakatoka kijani.

Halafu ncha zikawa nyeusi. Vidukari walikuwa wamejazana kama masizi, na sisimizi wakipanda na kushuka kuwahudumia. Hapo hatukuhitaji kuuliza mtu. Tuliwasugua kwa vidole na kitambaa chenye maji, jani kwa jani, upande wa chini kwanza, kama tusuguavyo kola ya shati.

Ndipo yakaja maua. Tunatamani ungeyaona siku ile: mekundu, mengi, yamesimama hewani kati ya weupe wote huu, hata mmoja wetu akaapa kwamba yalikuwa yanaongea. Yakafunguka. Yakaanguka. Hakuna lililobakisha ganda. Tulidhani ni kiu, tukamwagilia shinani alfajiri na kutandaza nyasi kavu. Yakaanguka. Tukalaumu jua, tukalaumu udongo, tukalaumiana. Yakaanguka. Tulikuwa tukifika kazini tunakuta chini pamekuwa pekundu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutazama juu kule dirishani.

Lakini kule juu tulikuwa tunatazamwa. Siku moja dirisha lilifunguka, muuguzi amemshika Shangazi mabegani, na sauti ikashuka, nyembamba, lakini ni ileile iliyokuwa ikitufokea kwa ajili ya mikunjo.

"Nyie! Mmeyavisha nini maharage yangu?"

"Mashuka, Shangazi! Kukinga vumbi la magari!"

"Yanaumwa hayo mpaka yalazwe? Nyuki nawaona mimi huku. Wanazunguka, wanazunguka, wanaondoka. Watu wamealikwa harusini, nyie mmefunga mlango!"

"Na wakiingia wodini wakawauma wagonjwa je?" aliuliza Shemeji.

"Mgonjwa si ndiye mimi? Umenisikia nalalamika?"

Tulitazamana. Mtu wa kufua hawezi kuona vumbi limetulia juu ya kitu akalala. Tulikuwa tumeizungushia bustani mashuka pande zote, tukajisifu kwa usafi wake, na kumbe maua haya hayashiki ganda mpaka nyuki ayaingie. Tukayafungua siku ileile. Hata pazia hili la leo liko upande wako tu. Kwa nyuma nyuki wana mlango wao, ukisikiliza utawasikia.

PALIPOFIKIA

Sasa kuna maganda, mgeni rasmi. Ni membamba, yana manyoya laini kama sikio la mtoto mchanga. Lililo juu kabisa linaning'inia karibu na dirisha. Shangazi akinyoosha mkono, bado kiasi cha kiganja. Kila siku kamba inavutwa chini na uzito wa majani, na kila siku mmea unapanda kidogo, kwa hiyo ganda linamkaribia na kumkwepa, linamkaribia na kumkwepa. Wanawake wa wodi ile wakiamka huuliza kwanza limefika wapi, ndipo huuliza dawa.

OMBI LETU

Tulikuwa na maombi mengi: glavu, tangi, feni ya chumba cha pasi. Tumeyafuta. Limebaki moja.

Jiwe la msingi la ghala jipya la dawa liko mbele ya miguu yako, limefunikwa kwa shuka tulilolipiga pasi sisi wenyewe. Ghala hatulipingi; dawa zinataka paa. Ila ukuta wake umechorwa juu ya nguzo yetu ya mwisho, na mafundi wameambiwa waing'oe kesho. Ikienda nguzo, kamba inaanguka, na kila kilichoshika kamba kinaanguka nayo. Upande wa pili wa jengo, kando ya tanuri la zamani, kuna nafasi ya kutosha ambapo hata jani halioti kwa sababu ya majivu. Tunakuomba jiwe liende kule. Toroli tumeleta. Tairi Shemeji amelijaza upepo tangu jana.

Mbele yako kuna kamba mbili. Ya kushoto inavuta shuka la jiwe. Ya kulia inavuta pazia la bustani. Ratiba inasema uvute ya kushoto. Sisi tunakusihi uanze na ya kulia, kisha uinue macho. Utaona mkono uliotoka nje ya dirisha la pazia la bluu. Uko pale tangu tulipoanza kusoma. Haukupungii, mgeni rasmi. Unapima.

Mungu akujalie safari ya salama, nyumba yenye watu wa kukungoja, na kila usiku usingizi mzito katika shuka lililokaushwa na jua.

Ni sisi,
Watumishi wa Chumba cha Kufulia,
pamoja na Shangazi, kitanda cha dirishani.